Almasi ya Bei Nafuu Haipo

Uko ushauri unaozunguka kwa vijana wenye mishahara mjini Lodwar, hasa waliopanga au kujenga mtaa wa Kanamkemer, na hutolewa kwa sauti ya busara hata kuubishia kunaonekana ukaidi. Unasema: si lazima uwe na pesa nyingi ndipo umvishe mchumba wako pete ya almasi. Punguza ukubwa wa jiwe. Chukua dhahabu ya karati 9 badala ya 18. Tafuta jiwe lenye kasoro isiyoonekana kwa macho matupu. Lipa kidogo kidogo, au chukua mkopo wa sacco, na kilichopungua ukope kwenye simu. Hivyo mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti au mfanyakazi wa shirika kule Kakuma naye atapiga goti, watu watapiga picha, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba italipwa kama kawaida.

Naupinga ushauri huo wote. Sina ugomvi na pete, wala na kijana anayetaka kumtangaza mpenzi wake mbele ya watu. Ugomvi wangu ni na almasi ndogo ya mwenye kipato kidogo. Tajiri akinunua almasi amenunua anasa, na hasara yake anaimudu. Anayeumia ni huyu wa katikati, anayeaminishwa kwamba ameingia kwenye anasa ya wakubwa kwa mlango wa nyuma bila kulipa kiingilio. Amelipa, tena amelipa kwa mkopo.

Tuanze na jiwe lenyewe. Almasi hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Bajeti ya kijana wetu haimfikishi kwenye karati moja wala nusu yake. Mara nyingi humfikisha kwenye sehemu ya kumi ya karati, jiwe la upana wa kama milimita 3. Na bei ya almasi haipandi sambamba na uzito. Jiwe moja la karati nzima lina bei kubwa kuliko mawe 10 ya sehemu ya kumi yakiwekwa pamoja, kwa sababu makubwa ni adimu na madogo yamejaa tele. Muuzaji anakwambia hapo ndipo penye nafuu yako. Kweli, jiwe ni rahisi. Ni rahisi kwa sababu halina uadimu wowote, na uadimu ndio uliokuwa sababu uliyopewa ya kulitaka. Sehemu kubwa ya pesa zako imekwenda kwenye dhahabu, ufundi, kodi ya duka la Nairobi, ushuru na faida.

Kisha ule ushauri wa kupunguza dhahabu. Hapa karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, si cha uzito wa jiwe: pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 9 ina asilimia 37.5. Tazama basi unachoambiwa ufanye. Katika pete nzima kuna kitu kimoja ambacho sonara yeyote kuanzia Kitale hadi Mombasa atakipima kwenye mizani na kukulipa, nacho ni dhahabu. Hicho ndicho unachoambiwa ukate, ili ubakize kile ambacho hakuna atakayekinunua kwako. Kama ningetaka kumfilisi mtu polepole na kwa heshima, nisingepata mpango mzuri kuliko huo.

Na cheti je? Wajuzi husema uangalie mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato, vipimo vilivyoenezwa na taasisi ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa 1931. Ni ushauri mzuri kwa mwenye jiwe kubwa. Mawe madogo kwa kawaida hayana cheti, maana gharama ya kuyapima moja moja ingekaribia bei ya jiwe au kuipita. Huuzwa kwa mafungu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye pesa chache, ambaye ndiye mwenye kuhitaji kulindwa zaidi, hununua kwa kuamini maneno. Na lipo jiwe liitwalo moisanaiti, linalotengenezwa viwandani, ambalo hukidanganya kile kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa joto wanachokitumia masonara wengi, kikaonyesha kwamba ni almasi. Sisemi sonara wako ni mwongo. Nasema yeye mwenyewe akidanganywa, hamtajua nyote wawili.

Watetezi hukimbilia ugumu wa almasi. Ni kweli, hakuna jiwe linaloishinda: kwenye kipimo cha Mohs ina 10. Lakini jiwe halikai kwenye pete kwa ugumu wake. Linashikwa na vijino vyembamba vya dhahabu, na dhahabu ni laini. Mchanga wa Lodwar umejaa chembe za kwatsi, ambazo kwenye kipimo hicho hicho zina 7. Mwanamke anayefua kwa mikono, anayesugua sufuria kwa mchanga, anayebeba mitungi ya maji, anavila vijino hivyo mwaka baada ya mwaka. Siku moja anatazama kidole na kuona tundu. Jiwe la milimita 3 likidondoka kwenye uwanja wa Kanamkemer halitafutwi, hata mkiwa kumi.

Haya, tuseme halikudondoka, na maisha yamebana, mnataka kuiuza pete. Mwaka 1982 mwandishi wa Marekani Edward Jay Epstein alichapisha katika jarida la The Atlantic makala ndefu ambayo kichwa chake kiliuliza kama msomaji amewahi kujaribu kuuza almasi. Jibu lake kwa ufupi: maduka yanayouza hayapendi kununua tena, na yanayokubali hutoa sehemu tu ya bei uliyolipa. Hayo yalikuwa Marekani, kwenye soko kubwa la almasi kuliko yote duniani. Sisi tuko Lodwar, mwendo wa kilomita karibu 700 kutoka Nairobi. Mbuzi ukimtoa zizini asubuhi, adhuhuri umeshika pesa. Pete ya almasi utasafiri nayo usiku kucha kwenye basi, kisha utaambiwa na kijana wa dukani kwamba wao hawafanyi biashara ya vitu vilivyovaliwa.

Najua jibu litakalonijia: pete ya uchumba si ya kuuza, ni ya kumbukumbu, ni desturi ya dunia nzima sasa, na sisi Waturkana wa Lodwar hatuwezi kubaki nyuma milele. Basi tuijue desturi yenyewe. Kampuni ya De Beers iliundwa 1888 huko Afrika Kusini, baada ya migodi ya Kimberley kutoa almasi nyingi mno hata ikahofiwa bei itaporomoka. Kazi yake kubwa kwa miongo mingi ilikuwa kuhakikisha almasi hazifuriki sokoni. Mwaka 1938, mauzo yakiwa yamedorora Marekani, Harry Oppenheimer alifunga safari hadi New York kutafuta watu wa matangazo, akawapata wakala wa N. W. Ayer. Mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, akatunga ile kaulimbiu maarufu inayodai almasi ni ya milele. Wengi huisikia kama maneno ya mapenzi. Mimi naisikia kama agizo la kibiashara: ukiamini ni ya milele hutaiuza, usipoiuza hutagundua bei yake ya kweli, na soko la mitumba halitawahi kushindana na duka. Hata ile hesabu ya mshahara wa miezi miwili, ambayo vijana wetu huitaja kana kwamba ni sheria ya kanisa, imetoka kwenye matangazo ya kampuni hiyo ya miaka ya 1980.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Japani. Nao walikuwa na taratibu zao za ndoa, familia kwa familia, washenga na zawadi za kimila, na pete ya almasi haikuwemo. Matangazo yakaanza 1967. Wakati huo bibi harusi waliovishwa almasi hawakufika asilimia 5. Kufikia 1981 walikuwa karibu asilimia 60. Miaka 14. Vijana wa Kijapani wakaonyeshwa picha za wanawake waliovalia mavazi ya Kizungu, wakipanda mashua na kupiga kambi milimani, na ujumbe ulikuwa kwamba almasi ni sehemu ya maisha hayo mapya. Anayeniambia almasi imekuja Lodwar kwa sababu dunia imebadilika yenyewe, namwomba anioneshe mabadiliko ambayo hayakulipiwa tangazo.

Wala almasi si kitu kigeni kwetu Afrika Mashariki, kwamba tunaiogopa kwa kutoijua. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambao unachimbwa mpaka leo. Mwaka ule ule wa kaulimbiu, 1947, jiwe la waridi la karati 54.5 lilipatikana hapo, na Williamson akalitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Likachongwa likabaki karati 23.6, likawekwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. Hiyo ndiyo almasi mashuhuri kuliko zote za ardhi yetu, na haikuvishwa kidole cha binti yeyote wa Shinyanga. Lakini kinachonivutia ni kingine. Mwadui iko Usukumani, na Wasukuma huoa kwa ng'ombe. Kwa zaidi ya miaka 80 wameishi kando ya shimo la almasi, vijana wao wakifanya kazi mgodini, na mahari imebaki ng'ombe. Watu hao hawakukosa ustaarabu. Walikaa karibu mno na almasi hata wasiweze kudanganyika nayo.

Sasa tuje nyumbani, kwa hoja inayonikera kuliko zote: kwamba pete ndiyo mbadala wa kisasa, tena wa bei nafuu, wa mahari ya mifugo. Huyo anayesema hivyo hajawahi kwenda kuposa. Pete haipunguzi hata mbuzi mmoja. Wazee waliokalia vigoda vyao vya ekicholong chini ya mti hawataiuliza, na ukiwaonyesha wataitazama kwa adabu kisha warudi kwenye ngamia. Kijana anayenunua almasi hajakwepa gharama ya mila. Ameongeza gharama ya pili juu ya ya kwanza, na mara nyingi ni hiyo ya pili inayoichelewesha ya kwanza. Mwaka mzima anakatwa mshahara kulipia pete, huku kwa wakwe hajapeleka hata kamba. Na kwa mila ya Waturkana watoto watakaozaliwa kabla mahari haijatolewa huhesabiwa upande wa mama yao. Sonara hatakusaidia kwenye shauri hilo.

Hata sheria ya nchi ina huruma kuliko duka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya serikali, na inasema pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Maana yake mwenye mbuzi wachache anaweza kuoa kwa mbuzi wachache na kuendelea kulipa maisha yakiendelea, kama walivyofanya wazee wengi. Pete haitajwi kama sharti la ndoa yoyote kati ya hizo.

Wasioijua mahari ya Waturkana huiona kama bei. Waione filamu ya David na Judith MacDougall, The Wedding Camels, iliyopigwa Turkana katikati ya miaka ya 1970. Humo mzee Lorang anamwoza binti yake kwa Kongu, rafiki yake wa siku nyingi, na bado mazungumzo yanavutana hadi karibu kukatika. Kwa nini? Kwa sababu kila mnyama anayetajwa ana mtu anayemngoja upande wa bibi harusi: mama, wajomba, ndugu wa baba. Na upande wa bwana harusi kila mnyama ametoka kwa mtu: kaka kachangia, mjomba kachangia, rafiki wa mifugo aliyepewa dume miaka ya nyuma sasa analipa fadhila. Harusi ikimalizika, watu wengi wana sababu ya kuitaka ndoa hiyo isimame. Almasi inamfunga mnunuzi na mwenye duka, basi. Na mwenye duka akishalipwa hana habari tena na nyumba yako.

Mtu atanishika hapo hapo: mifugo hufa. Hufa, na sitaki kuupunguza uchungu huo. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili katika kaunti kame za Kenya, na ziko familia Turkana ambazo hazijarudi zilipokuwa. Ila tulinganishe sawasawa. Hasara ya ukame huja mwaka wa ukame. Hasara ya almasi huja siku ile ile ya kununua, mvua inyeshe isinyeshe. Na mbuzi jike aliyenusurika hubeba mimba miezi mitano akazaa. Anayetishwa na ukame aweke akiba yake kwenye kitu kingine, nakubali, lakini jiwe la milimita 3 halimo katika orodha hiyo.

Ipo hoja moja tu ya upande wa pili ninayoiheshimu, na sijaisikia kwa wanaume. Ni ya wanawake. Wanasema: mahari hugawanywa kwa baba na wajomba. Ng'ombe hukaa boma la baba, mimi naondoka na shanga zangu. Pete ndicho kitu pekee katika shughuli nzima kinachowekwa mkononi mwangu, kikiwa changu. Dada anayesema hivyo amesema kweli, na wazee wanaomcheka hawajamjibu. Zamani alagama, ile pete ya shingoni ya chuma, ilitangaza kwamba huyu ni mke wa mtu. Ilimpa hadhi, haikumpa mtaji. Anadai kitu chake mwenyewe, na ana haki ya kukipata.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho, inaizika almasi. Kama kitu hicho ni chake, basi kiwe kitu atakachoweza kukigeuza pesa siku ambayo mume ameugua, au amekufa, au amemtelekeza, bila kumwomba ruhusa shemeji. Nenda Kakuma, kambini, iliyofunguliwa 1992, ukawatazame wanawake wa Kisomali. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, na wengi huipokea kwa dhahabu. Dhahabu hiyo haijali vita ilianza lini wala mpaka umevukwa wapi. Huuzwa bangili moja leo, nyingine mwakani, kwa gramu, kwa bei ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiangalia kabla ya kuingia dukani. Mwanamke wa namna hiyo hahitaji kuelezwa na mimi tofauti ya pambo na akiba. Mwambie kuna pete ambayo thamani yake imo kwenye jiwe asiloweza kulipima, halafu usikilize atakachokuuliza.

Basi bibi harusi wa Kanamkemer apewe dhahabu ya karati 18, pete nene isiyo na jiwe, ambayo haina vijino vya kuliwa na mchanga. Au mbuzi wenye alama yake mwenyewe. Au hisa za sacco kwa jina lake, au kiwanja ambacho hati yake ina jina lake, hata kama ni pamoja na la mume. Akitaka rangi kidoleni, Taita Taveta kuna rubi na savoraiti, na rubi kwenye kipimo cha Mohs inaikaribia almasi. Ila naonya, savoraiti nzuri nayo ina bei ya kutisha, na wauzaji wa mawe ni wale wale.

Nimewasikia pia wajanja wa teknolojia: nunua almasi ya maabara, ni almasi halisi, bei yake ni ya chini. Ni almasi halisi, hilo sibishi. Kemikali ni ile ile, kaboni tupu. Lakini angalia yaliyoikuta. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walianza kuuza mawe ya maabara kwa jina la Lightbox, dola 800 kwa karati, wakati huo kama shilingi 80,000 za Kenya. Bei sokoni ikaendelea kuteremka, na mwaka 2025 wakatangaza kuifunga biashara hiyo. Almasi za mgodini nazo hazikusalimika: kampuni mama, Anglo American, ilikata thamani ya De Beers katika vitabu vyake kwa dola bilioni 1.6 mapema 2024, kisha kwa dola bilioni 2.9 mwaka uliofuata. Wenye migodi wanakiri kwenye hesabu zao kwamba mali imeshuka, na karani wa Lodwar anakopa ili ainunue. Anayependa mng'aro na anunue mng'aro kwa pesa taslimu, iwe ya maabara au moisanaiti, amwambie mchumba wake ukweli wote, wafurahi. Sina neno na hao. Neno langu ni kwa anayeita deni akiba.

Lililobaki ni aibu, na naijua nguvu yake. Tangu ugatuzi wa 2013 ulete ofisi, magari na mishahara mjini, arusi za Lodwar zimekuwa na kamati, sare na mpiga picha, na rafiki wa kike wa bibi harusi hushika mkono wake na kuugeuza kwenye mwanga. Kijana anaogopa dakika hiyo kuliko anavyoogopa riba. Dada zetu wangeweza kuimaliza biashara hii kwa wiki moja, wakiacha kuuliza jiwe ni la karati ngapi na kuanza kuuliza hisa ziko kwa jina la nani.

Na wewe ambaye umeshanunua, usinichukie. Mvishe, mpendane, mpeleke pete kwa fundi kila mwaka akaze vijino. Ila mdogo wako akikuuliza ulifanyaje, usimwambie kwamba uliipata kwa bei nafuu.